Kisanduku cha Ndiyo

Theodosia, mkalimani, alikuwa anapanga viti vitatu kwenye chumba cha ushauri, kama alivyofanya kila Jumanne kwa miaka miwili, Saady alipoingia, akachukua kimoja, akatoka nacho. Aliporudi alikuwa na barua. Ukalimani umefutwa kuanzia leo.

Saady, msimamizi wa mradi wa ushauri kwa wasichana pale Kibondo, hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba makao makuu wamepitia fomu za wasichana wote mia na kumi na wawili. Penye swali la kuelewa Kiswahili, kila mmoja ametia tiki kwenye ndiyo. Sasa mkalimani wa nini?

Theodosia akaketi. Tiki zile alizijua. Ni yeye aliyekuwa akiwainamia wasichana wakijaza, akiwanong'oneza kwa Kiha: weka ndiyo, mwanangu, usijitafutie balaa. Maana huku, karibu na mpaka wa Burundi, karatasi inayosema hujui Kiswahili inaweza kukufuata mpaka dirisha la vitambulisho, na hapo ukaulizwa babu yako amezikwa wapi. Alidhani anawakinga.

"Bwana Saady, mimi ndiye niliyewaambia waweke hivyo," alisema. "Wanajua cha salamu na cha sokoni. Cha kusemea moyo hawana."

Saady akakuna kidevu. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Basi niandikie majina ya wasiojua. Naituma leo leo, na kiti chako kinarudi. Ila nisikufiche, mama. Nakala inakwenda wilayani."

Jina la kwanza lingekuwa la Winnie Ndayikunda, aliyekuwa tayari nje anangoja zamu yake. Maombi yake ya kitambulisho yalikuwa hukohuko wilayani, mwaka wa pili sasa.

Winnie alikuwa na miaka kumi na tisa, na baada ya Pasaka angeolewa Kasulu. Tangu mahari ipokelewe, pumzi zilikuwa zinamkatika, mikono inakuwa baridi, na gari kubwa likipita anaanguka. Miezi mitatu alikuja, akasema kidogo sana. Wiki iliyopita, macho sakafuni, akaanza kwa Kirundi, pacha wa Kiha: siku ya msako wa wahamiaji, lori, baba yake akipandishwa. "Waliniuliza mimi kwanza," alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Nikawajibu kwa lugha ya nyumbani." Hapo akakwama. Theodosia akayageuza maneno yale kwa Kiswahili. Yasmini, mshauri, binti wa Tanga, hakuandika kitu. Alimwambia wataendelea Jumanne.

Jumanne ndiyo hii.

Theodosia akairudisha kalamu mezani, karatasi nyeupe vilevile. Saady akashusha pumzi.

Akaenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Alisikia yote. Yasmini alijitahidi, haki yake apewe. Alisema polepole, akatafuta maneno mepesi, akasubiri.

"Umelalaje, mdogo wangu?"

"Nimelala vizuri, dada."

"Na kifua?"

"Kizuri."

"Wiki ile ulikuwa unatueleza habari za baba."

Kiti kikalia.

"Baba hajambo," Winnie akasema.

Yasmini akauliza kwa njia nyingine, kisha nyingine tena. Majibu yalirudi yaleyale, safi, yamenyooka, kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya watu wenye bunduki. Na sharti la mradi lilijulikana: anayelala vizuri na kula vizuri ampishe mwingine. Yasmini hakutaka kulifunga faili. Alitoka akapita benchini macho mekundu, asiangalie mtu. Saady ndiye aliyegonga muhuri.

Winnie akatoka na karatasi yake ya kumaliza huduma. Alitazama huku na huku kwanza. Kisha akainama sikioni mwa Theodosia, akasema kwa Kirundi, kwa sauti ndogo:

"Mama, nimejibu vizuri?"

Theodosia akaishika mikono yake. Ilikuwa baridi kama imetoka kisimani.

"Umejibu vizuri," akamwambia.