Mfumo Mmoja, Majina Matatu

Majid anaandika vizuri kuliko mimi, na hilo nalisema bila roho kuniuma. Lakini tulipokuwa tunatafsiri mwongozo wa programu huria, zile za kompyuta zisizouzwa, aliniudhi mpaka basi. Mfumo unaoendesha kompyuta ulikuwa mmoja, yeye akaupa majina matatu: sura ya kwanza Linux, ya pili Ubuntu, ya tatu Pengwini, kwa yule ndege wa kwenye nembo yake.

"Chagua moja," nilimwambia ofisini kwetu, Mji Mkongwe.

"Wacha weye, Rasha! Hapa petu mtu ana jina la nyumbani, la skuli na la utani, na hakuna anayebabaika."

"Kwa sababu wanamjua tangu mdogo. Mfumo huu nani kaulea?"

Alicheka tu. Basi nikamchukua mpaka Matemwe, kwa Mwalim Kificho. Wanafunzi wake walikuwa wameandika hadithi zao muhula mzima kwenye kompyuta pekee ya skuli, na kesho yake wazazi wangekuja kuzisoma. Mwalim alitaka kuzichapisha. Nilitoa sharti moja: afuate mwongozo peke yake, sisi tunyamaze. Nilijua nitashinda, na nilijua nitamzuia kabla hapajaharibika kitu.

Mwalim aliwasha kompyuta, akafungua sura ya pili. Kidole chake kikasimama penye mstari: "Ili kuchapisha, washa Ubuntu."

"Mimi nnayo Linux," alijisemea. "Hii Ubuntu bado sijaiweka."

Akachukua sidii ya kuiwekea, iliyokuja na mwongozo, akaitia, akaiwasha kompyuta upya. Majid alinitazama. Nikamkazia macho anyamaze. Mwalim aliendelea hatua kwa hatua, bila wasiwasi wowote, maana aliuamini mwongozo wetu. Kioo kikamuuliza kama diski nzima ifutwe. Akapeleka kidole.

"Usibonyeze!" Majid aliruka kabla yangu, kiti kikaanguka. "Utafuta hadithi zote, Mwalim! Linux na Ubuntu humo mwongozoni ni kitu kimoja!"

Mwalim Kificho alirudisha mkono mapajani. Laiti angekasirika. Aliona haya, mtu mzima yule, mbele yetu, na mimi nikajuta kumleta kwenye ushindani wangu.

"Mniwie radhi," alisema. "Nimesoma vibaya."

Majid alikuwa hajakiokota kiti.

"Umesoma sawasawa, Mwalim," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya."