Daftari la Getini

Miaka sitini nimeambiwa kwamba sikufuatwa. Wenzangu walifuatwa, huyu na shangazi yake, yule na babu aliyekuja na kiatu kimoja mguuni. Mimi nikabaki kwa masista, kwenye nyumba yao ya yatima, mpaka nikawa fundi cherehani wao. Watoto wananiita Bibi Sindano. Nachoma, ndiyo, na sijuti.

Mwaka huu nyumba imefikisha jubilei, basi Sista Mkuu, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akaamua kuandika historia ya nyumba. Hata baada ya kuipeleka kwa mchapaji alitaka picha za kupamba ukumbi, akanituma stoo. Picha zimeliwa na mchwa. Nilichokuta ni daftari la getini, la mwaka ule mama yangu alipofariki nikaletwa hapa.

Sista wa getini wa enzi hizo aliandika kila kitu, hata mbuzi akipita. Nikasoma: "Jumanne, saa nne. Baba wa kale kasichana kenye kovu kidevuni amekuja kukachukua. Tuko kwenye mafungo, wiki nzima hatusemi. Nimemwandikia kikaratasi, Rudi Jumatatu. Amekigeuzageuza, amenirudishia. Amesimama nje mpaka adhuhuri, ameondoka. Nadhani hajui kusoma. Mungu amsaidie."

Mungu amsaidie! Wewe mwenye mdomo ulishindwa nini? Nikashika kidevu changu. Kovu lipo. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti, mimi mzee mzima.

Ukurasa wa Jumatatu ulikuwa mfupi: "Hakurudi. Mtoto aandikwe hana wa kumfuata."

Nikampelekea Sista Mkuu daftari. "Hili liingie kwenye kitabu."

"Bibi, kitabu kimeshachapwa. Ukurasa wa kwanza kabisa unasema hatujawahi kumfungia mzazi mlango."

"Chapeni kingine."

"Jamani, Baba Askofu anakuja Jumapili! Halafu wewe ndiye utakayetoa ushuhuda. Usihangaike, nimeshakuandikia."

Wema wao huo! Hata machozi yangu wangenishonea.

Jumapili ukumbi ulijaa. Askofu mbele, wafadhili nyuma yake, watoto kwenye mikeka, wamevaa sare nilizozishona mwenyewe. Sista Mkuu akanipa kipaza sauti na karatasi yake. Mstari wa kwanza ulisema: "Mimi sikuwa na mtu."

Nikaigeuzageuza ile karatasi. Nikamrudishia.

Akaniangalia, rangi imemtoka, akaweka kidole mdomoni.

"Hapana, Sista," nikasema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yangu mpaka getini. "Mafungo yalikwisha zamani. Baba yangu alikuja. Jumanne, saa nne asubuhi. Alisimama pale nje mpaka adhuhuri, akinisubiri."