Gari Lililokosa Safari

Kwenye kituo cha ukaguzi, gari la don Fidencio Olvera lilifaulu kila kitu: taa, breki, mikanda, matairi, hata kioo cha mbele. Likaangushwa na moshi. Walipochomeka kipimo kwenye ekzosi, mtambo ulikataa katakata, na mzee akarudishwa nyumbani bila stika ya ukaguzi. Mwezi aliopangiwa ukaguzi ulikuwa unaisha, na gari lisilo na stika haliruhusiwi kutembea jijini Mexico. Mzee aliyefiwa na mke, akinyang'anywa gari pia, atabaki kuongea na kuta.

Fundi Nicanor alifungua boneti, akainama, akacheka.

"Don Fide, gari lako zima kabisa. Limejaa masizi tu. Huwa unakwenda nalo wapi?"

"Sokoni. Kanisani. Jumapili makaburini."

"Basi! Injini haijapata hata joto, umeshafika. Litoe barabara kuu, likimbize mpaka liteme uchafu wote. Nenda mpaka mji wa Puebla. Si binti yako yuko huko?"

"Yuko."

"Sasa unangoja nini, mzee wangu? Kamsalimie, kula mole yake, ule mchuzi mzito wa pilipili, kisha rudi na injini ya moto, uingie ukaguzi moja kwa moja."

Fidencio hakumwambia kwamba ana miaka mitatu hajakanyaga kwa Araceli. Siku walipomzika Amparo, mkewe, binti alimwomba akakae naye. Akamjibu mbele ya waombolezaji kwamba yeye si mzigo, na hatafia nyumba ya mkwe. Araceli hakuomba tena. Naye, kwa kichwa chake kigumu, hakupiga simu.

Lakini tuseme ukweli, alifurahi. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta sababu ya kwenda, na sasa moshi umempa. Alfajiri alinyoa ndevu, akavaa shati la sikukuu, akajichelewesha hadi saa nne, ndipo akashika njia. Mlimani gari lilikohoa, likatoa moshi mweusi wa aibu, kisha likachangamka. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno kwa sauti: "Nisamehe, binti yangu. Upweke umenishinda."

Araceli alitoka getini na aproni, mikono ina unga.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

Fidencio alibaki kwenye usukani, injini inanguruma.

"Mimi mzima. Ila gari lilitaka safari. Lina moshi."

"Gari."

"Eeh. Fundi ndiye kasema."

Araceli alijifuta mikono taratibu. "Haya, zima uingie. Chakula kipo. Watoto wanatoka shule sasa hivi, na yule mdogo hata hakujui."

"Injini ikipoa halitapita ukaguzi."

"Baba, kutoka hapa hadi kwako ni zaidi ya saa mbili. Si litapata moto njiani?"

Alijua. Nani asiyejua? Mkono ulifika kwenye ufunguo, ukakwama hapo. Aliogopa meza ile, kiti atakachovutiwa, na kilio ambacho kingemtoka mbele ya wajukuu. Aliogopa kama mtoto.

"Siku nyingine," akasema.

Araceli alimtazama sana. "Haya. Likipita, unipongezee hilo gari."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alasiri ile kipimo kilichomekwa tena, na mkaguzi akatabasamu.

"Safi kabisa, mzee! Umelipeleka wapi?"

"Puebla. Kwa binti yangu."

"Aha! Bila shaka amekulisha ukashindwa kuinuka."

"Sana," akajibu Fidencio, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri.

Wakambandikia stika kiooni. Alitoka na gari kwenye geti la kituo, akalisimamisha palepale njiani, akalia, na madereva wa nyuma wakampigia honi na kumtukana. Gari halikuwa na shida tena, na kwa miezi sita, hadi ukaguzi mwingine, hapatakuwa na mtu wa kumwambia aende Puebla.