Mzee wa Ndoo

Kila jioni taarifa ya habari ilipokwisha, simu ya Mkasi ililia, naye hakuwa na haja ya kutazama ni nani. Mama yake huyo. Na mama hakuanza na salamu kama binadamu wengine, alianza na hukumu.

“Leo mmemleta,” alikuwa akisema, na hapo Mkasi hushusha pumzi. Au alikuwa akisema, “Leo hamkumleta baba yako. Mmempeleka wapi?” na hapo Mkasi hutafuta la kujibu huku macho yanamwasha kwa kutazama vioo vya kompyuta tangu asubuhi.

Baba hakupelekwa popote. Alikuwa kaburini tangu mwaka juzi. Ila kwenye maktaba ya picha ya kituo cha televisheni alichofanyia kazi Mkasi, baba alikuwa mzima wa afya, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya njia panda ya katikati ya mji, kofia imeshuka usoni, mikono imelegea, magari yanapita mbele yake. Kilikuwa kipande kifupi. Ukipiga chafya umekikosa. Hakikuwa na sauti. Aliyekihifadhi zamani hizo alikipa jina kavu: Wasio na kazi, mjini.

Mkasi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata picha na kuziunga. Mwandishi anarudi na maneno ya waziri, lakini huwezi kumwonyesha waziri anasema tu mwanzo mpaka mwisho, watu watalala. Lazima umfunike na picha za kujazia: watu wanavuka barabara, foleni, soko, mikono inahesabu nyanya. Kama umewahi kutazama habari ya bei ya saruji ukaona bwana mmoja anapita na toroli, bwana ambaye hajawahi kuulizwa lolote kuhusu saruji, ujue kuna Mkasi mahali fulani alikuwa anakimbizana na saa.

Kwa miaka mingi wahariri wengine walikuwa wakimtumia yule mzee wa ndoo bila kumjua. Mkasi alipoajiriwa akamkuta humo, akashtuka, akafunga mdomo. Baba alipokuwa hai, kila akiweza alimruka. Baada ya mazishi mambo yakageuka. Jioni moja mhariri mwingine alimtumia katika habari ya ajira, na mama, aliyekuwa hajala vizuri tangu msiba, akapiga simu analia na kucheka kwa pamoja. “Nimemwona! Amekaa vilevile alivyokuwa anakaa!” Usiku ule mama alikula sahani nzima.

Tangu hapo Mkasi akawa anamweka mwenyewe. Habari ya ajira, baba yumo. Habari ya kodi, baba yumo. Joto kali mjini, uchaguzi mdogo, mpango mpya wa barabara, yumo. Mkuu wake wa kazi, ambaye wote walimwita Dakika Mbili kwa sababu kila kitu alikitaka ndani ya dakika mbili, siku moja alisimama mlangoni mikono kiunoni.

“Huyu mzee wako wa ndoo, mbona kila habari yumo? Jana ulimweka kwenye habari ya mafua.”

“Anaonekana kama ana mafua, bosi.”

“Kweli bwana,” Dakika Mbili alisema, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na haraka yake iliwazeesha wengine.

Shida nyingine ilikuwa kaka mkubwa, dereva wa lori, ambaye kila alikolala njiani kulikuwa na televisheni ukutani. “Baba anatangazwa nchi nzima kama mzembe,” alimfokea dada yake kwenye simu. “Mtu aliyetusomesha kwa brashi! Mtoe.” Mkasi akimweleza mama, mama anajibu, “Mtoe uone.” Wapiganapo mafahali wawili nyasi ndizo huumia, na nyasi ilikuwa Mkasi, ambaye alichotaka ni kurudi nyumbani avue viatu.

Maana kaka alisema kweli. Baba alikuwa fundi rangi. Nusu ya majengo ya katikati ya mji, kabla hayajabomolewa kupisha yale ya vioo, aliyapaka yeye. Hakuna siku Mkasi alimwona amekaa bure. Hata Jumapili alikuwa anaosha brashi.

Basi jioni moja mama alipiga simu na neno jipya.

“Mbona mnamkata?”

“Vipi, mama?”

“Baba yako. Pale mwisho anaweka mikono magotini. Mtu anayeweka mikono magotini anataka kusimama. Ndipo mnamkata. Alikuwa anakwenda wapi?”

Mkasi alikuwa amekitazama kile kipande mara zisizo na idadi na hakuwahi kuliona hilo. Kesho yake akalitazama. Kweli, mwishoni kabisa mikono inashuka magotini na mgongo unaanza kunyooka, kisha kipande kinakatika.

Kipande kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye mkanda wa zamani, na mikanda ya zamani ilikuwa ghorofa ya chini, inatolewa. Kituo kilikuwa kimeshahamishia vipande vyote kwenye mashine mpya, kwa hiyo mikanda yenyewe ilikuwa inatupwa, rafu moja baada ya nyingine, kwenye mifuko ya taka. Mkasi alishuka saa ya chakula cha mchana, akapekua mpaka vumbi likamkaba koo. Nusu ya rafu zilikuwa tupu tayari. Akaupata mkanda mmoja wenye jina la ile njia panda, akautia kwenye mashine kuukuu iliyobaki, akavaa visikilizio masikioni.

Kwanza magari. Kisha kamera ikapanda juu polepole, na Mkasi akaona kitu ambacho kile kipande hakijawahi kumwonyesha mtu. Nyuma ya baba kulikuwa na jengo zima, nusu yake ya kijivu na chafu, nusu nyeupe inayong'aa, na ngazi imeegemezwa pale nyeupe ilipoishia. Kamera ikashuka, ikamkuta baba juu ya ndoo. Mikono ikaenda magotini. Akasimama. Akaja moja kwa moja mpaka uso ukajaa kwenye kioo.

“Kijana, unapiga picha ya nini?”

Mkasi akaziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa ile sauti yenyewe, kavu, yenye kikohozi cha msasa ndani yake.

“Ya mji tu, mzee,” alijibu mpiga picha, ambaye haonekani.

“Mji uko wapi hapa? Unanipiga mimi. Nimekuona tangu uko ng'ambo ya barabara. Nilipokuwa juu ya ngazi ulishusha hiyo mashine yako ukawasha sigara. Nimeshuka nasubiri rangi ya kwanza ikauke nipake ya pili, ndiyo unanikumbuka?”

“Samahani, mzee.”

“Samahani siyo rangi, haifuniki kitu. Nina watoto mimi. Futa.”

“Sawa mzee, nitafuta.”

“Futa kweli. Mimi sirudii neno.”

Baba akageuka, akachukua ndoo yake, akaenda kwenye ngazi. Kamera haikumfuata. Ilizimwa ndiyo kwanza anakanyaga kidato cha chini.

Mkasi alibaki pale na visikilizio masikioni, na haja ya kula ikamtoka. Alikumbuka siku aliyokuja nyumbani na habari kwamba amepata kazi televisheni. Mama alipiga vigelegele. Baba alisema, “Haya,” akaomba chumvi. Ilimuuma siku ile, na ilimuuma kwa miaka. Alikumbuka pia kwamba kila ilipofika saa ya habari baba alijitoa nje kuangalia geti ambalo halikuwa na kasoro. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa anajua anaonyeshwa, na wanawe wanajua, na hakuna aliyesema. Na yeye, binti yake, ndiye aliyekuja kumpaka masizi kila jioni, kwa upendo.

Sasa afanye nini? Akimwambia mama, amemnyang'anya mume mara ya pili. Akinyamaza, nani atajua? Mkanda utaingia kwenye mfuko wa taka, baba ataendelea kukaa, mama ataendelea kula. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishasema, na Mkasi alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuwaamini. Hata hivyo alikinakili kipande chote, picha na sauti, kwenye simu yake. Hakujua kwa nini. Labda alitaka tu kuisikia sauti tena.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, mama alimpokea mlangoni kwa swali.

“Umeona alikokuwa anakwenda?”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema mkanda umeshatupwa. Lakini mama alikuwa amejifunga khanga mpya, na amefuta viti, kama anayesubiri mgeni, na Mkasi akashindwa. Akamketisha, akampa simu.

Mama alianza kwa kucheka. Alicheka hasa, anapiga paja. “Ndiye huyo! Mgomvi! ‘Samahani siyo rangi!’ Weka tena.” Wakaweka tena. Safari hii hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, mpaka ngazi, akaiweka simu mapajani.

“Alisema futa,” alisema hatimaye.

“Ndiyo, mama.”

“Na yule kijana akasema sawa.”

“Ndiyo.”

“Na mimi nimekaa hapa kila jioni nashangilia.”

“Mama, hukujua. Hata mimi sikujua. Na kama wewe unataka, nitaendelea kumweka. Hakuna atakayejua.”

“Mimi najua.” Mama alifuta kioo cha simu kwa ncha ya khanga. “Nimeishi na yule mtu. Ukimwomba kitu mara moja, anafanya. Akikuomba mara moja, naye anataka ufanye. Futa, mwanangu.”

“Nitafuta ya kazini. Hii kwenye simu nakuachia wewe, uwe unamsikia.”

 Mkasi aliona mama anavyoitaka. Aliona kidole gumba kinazunguka pembeni ya simu, kinazunguka.

“Weka mara ya mwisho,” mama alisema. Mkasi akaweka. Baba akaja, akafoka, akageuka. Kisha mama akamrudishia simu. “Alisema futa. Hakusema ficha.”

Mkasi akafuta. Mama akaenda jikoni, na kwa muda mrefu yakasikika maji tu yanamwagika kwenye karai. Mkasi hakumfuata. Alikaa, analia taratibu asisikike, na katika kulia kwake kulikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu walau safari hii alikuwa amemtii baba.

Jumatatu alifika kazini mapema akakiondoa kile kipande maktaba. Kama kuna adhabu, ije. Mkanda wenyewe aliuvunja, akauvuta utepe wake wote kwa mkono, akautupa. Alijisikia mwepesi mpaka mchana. Wengine hata nafuu hiyo hawaipati.

Jioni Dakika Mbili akatia kichwa mlangoni.

“Takwimu za ajira zimetoka. Mbaya sana. Nifunikie hizo namba, weka mzee wako wa ndoo.”

“Hayupo, bosi. Faili limeharibika.”

“Weka mwingine basi. Wako wengi. Dakika mbili!”

Na kweli walikuwa wengi. Mkasi akafungua orodha, saa inakimbia, mgongo unauma. Akapita vijana kwenye ukingo wa daraja, akapita mwanamume amelala kwenye benchi, akafika kwa mwanamke wa makamo amekaa kwenye ngazi za jengo fulani, kikapu miguuni, anatazama pembeni. Picha nzuri, imetulia, mwanga mzuri. Akaikata, akaiunga, ikaenda hewani. Kazi mbaya si mchezo mwema. Simu yake haikulia jioni ile.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipitia kwa mama. Mama alikuwa anakunywa chai mbele ya televisheni, marudio ya habari yanasomwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amekula. Kulikuwa na sahani tupu pembeni. Mkasi akajimiminia chai, akakaa naye. Walikaa vizuri, bila maneno, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Zikaja takwimu za ajira. Akaja yule mwanamke kwenye ngazi.

Mama akaweka kikombe chini. “Na huyu?”

“Huyu nani, mama?”

“Huyu mwenye kikapu. Umemweka wewe?”

“Nimemweka mimi.”

“Yeye alisema nini?”

Mkasi alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

“Sijui,” alisema. “Mkanda wake umeshatupwa.”

 Mama alisogeza kiti karibu na kioo cha televisheni, akamtazama yule mwanamke mpaka alipokatwa.