Gunia la Shemeji

Harufu ilimfikia Mwanaima kabla gunia halijashushwa kwenye bodaboda. Ilikuwa harufu kali, kama ya dawa ya kusugua kifuani, na mtu aliyelima viazi vitamu miaka kumi na minne haikosei. Ndani ya gunia lile mlikuwa na fukusi, mdudu atoboaye viazi.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba. Nimekuletea amana." Mzee Chirau, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alijiketisha kibarazani bila kungoja kukaribishwa. "Viazi vyangu vya kule Ramisi. Nasikia shimo lako linahifadhi. Vitie pamoja na vyako, nitavichukua mwezi wa Ramadhani ukiandama."

Mwanaima hakuwa mjinga. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wengi pale Mwabungo walimwita hivyo. Shimo lile alilichimba mwenyewe nyuma ya jiko, kina cha kifuani, akalitandika mchanga mkavu, nyasi na jivu, akaliezeka makuti na kulichomekea mwanzi wa kupitisha hewa. Mercy, afisa wa kilimo, alikuwa amemfundisha yote. Viazi visioshwe. Kilichokatwa na jembe kisiingie. Vikae kivulini siku nne ngozi ikomae. Na kiazi chenye tundu hata la ncha ya sindano kisiingie kabisa, Mercy alisema, hata kama ni cha mama yako mzazi.

Hakusema lolote juu ya kiazi cha shemeji.

Na shemeji huyu hakuwa shemeji wa kuja kusalimia tu. Shamba lote ambalo Mwanaima alilima lilikuwa la ukoo, na tangu mumewe Amin afariki, neno la shamba lilikuwa mdomoni mwa Chirau. Kulikuwa na mtu wa bara, Lewis, aliyelitaka ajenge nyumba za kupangisha wageni. Mwezi wa Rajabu, Mwanaima alipokuwa anavuna, Chirau alisimama kwenye matuta akasema mbele ya watu, "Mchanga huu hauwezi kulisha mtu. Lakini nisije nikaambiwa nimemdhulumu mjane. Viazi hivi vikifika Ramadhani vikiwa vizima, endelea kulima. Vikioza, nampa Lewis." Ramadhani kila nyumba hutafuta viazi vya futari, na wachuuzi wa Ukunda huja kuvifuata mpaka shambani. Mwanaima alikubali kwa moyo mmoja. Alikuwa na pakacha thelathini na nane za viazi visafi, na shimo aliliamini.

Sasa gunia lilikuwa mbele yake, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani.

"Shemeji, umevichambua?" akauliza, akijaribu kuifanya sauti iwe ya mzaha.

"Mimi nalima tangu wewe hujazaliwa."

"Si kwamba nakutilia shaka. Ni vile Mercy alisema tuvitandaze kwanza kivulini..."

"Mwanaima." Alilitamka jina polepole. "Mimi nimekuamini na mali yangu. Wewe waniamini au huniamini?"

Angalisema nini? Amana ya mtu haifunguliwi. Kuikata ile kamba mbele ya mwenyewe, kuanza kuchagua kiazi kimoja kimoja na kukinusa, kungekuwa sawa na kumwambia mzee wa watu kwamba yeye ni mchafu. Na huyu ndiye mzee ambaye baada ya wiki tano angesema shamba ni la nani. Mwanaima alifikiri kuliweka gunia kando, chini ya kitanda, popote. Lakini Chirau hakuondoka. Alikaa pale akinywa uji mpaka alipoliona gunia limeshuka shimoni. Mwanaima alilisukuma kwenye pembe, akamwaga jivu jingi kati yake na viazi vyake, akajiambia kwamba jivu litatosha. Alijua halitatosha. Heshima ilimshika mkono, na hofu ikaushika ule wa pili.

Mwezi mzima wa Shaaban alilizunguka shimo lile na kuinusa hewa ya mwanzi. Wiki ya tatu hakuhitaji tena kuinama kunusa.

Siku mbili kabla ya mfungo alilifungua, yeye na binti yake Ummi. Viazi vilikuwa vimetoboka kama chujio, vingine vyeusi, vingine vinabonyea kwa kidole, na wadudu wenyewe wakitembea juu yake bila haraka. Ummi alilia. Mwanaima hakulia, alikuwa na hasira mno, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi, maana kila alipoielekeza kwa Chirau ilimrudia. Pua yake ilimwambia siku ile ile na yeye aliinyamazisha. Walichagua mpaka adhuhuri. Katika pakacha thelathini na nane walipata mbili zilizo salama, za upande wa mbali kabisa na gunia.

Gunia la Chirau lilikuwa uji mtupu.

"Tumpelekee vile vile lilivyo," Ummi akasema. "Amana yake ndiyo hiyo."

"Nimpelekee mzee funza mlangoni pake?"

"Funza wake, mama."

Binti alisema haki, na Mwanaima alijua. Lakini aliwaza hivi: shimo limeshaharibika, ushahidi wangu umekwenda. Kilichobaki ni moyo wa mtu. Nikimrudishia vyake vimeoza, ataaibika, na mtu aliyeaibika hana huruma. Nikimrudishia vizima atashukuru, na kwa shukrani hiyo nitamwomba msimu mmoja zaidi. Basi alilikung'uta gunia, akalifua, akalianika, akatia ndani pakacha zake mbili na kulishona kwa kamba ile ile. Alilipeleka mwenyewe.

"Vyangu vimeharibika, shemeji," alimwambia. "Vyako Mungu amevihifadhi."

Chirau alilipapasa gunia, akatabasamu. "Alhamdulillahi. Amana hulindwa."

Siku ya tatu ya mfungo mke wa Chirau alimwita Mwanaima amsaidie kupika, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa futari. Mwanaima alikuna nazi tatu, akakamua tui, akavipika viazi vyake mwenyewe kwa iliki na sukari kidogo, akavipakua kwenye sinia. Wanaume walikuwa barazani, pazia tu katikati. Adhana ikatoka, wakafungua kwa tende, kisha zikasikika sauti za watu wanaokula vizuri.

"Mzee, hii kitu ni tamu sana," akasema Lewis. "Umetoa wapi?"

"Vyangu hivyo, vya Ramisi," Chirau akasema. "Vimekaa shimoni mwezi na zaidi. Mwanaima! Njoo hapa mlangoni."

Mwanaima akasimama nyuma ya pazia.

"Nawaeleza wageni. Shimo moja, jivu moja, siku zile zile. Vyangu vimetoka vizima, vyake vimeoza vyote. Basi kosa si la shimo. Ni la mkono uliolima." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitika. "Nilitoa ahadi mbele ya watu na sitaki kuonea. Lewis, baada ya Idi tutaandikishana."

Mwanaima aliushika mwimo wa mlango.

"Shemeji, hivyo mnavyokula ni vyangu."

Chirau akageukia pazia.

"Na vyangu viko wapi?"

"Vilioza. Vilikuja na fukusi, ndivyo vilivyoambukiza vyangu. Niliona haya kukurudishia vile."

"Kwa hiyo gunia la amana ulilifungua."

Mwanaima akisema ndiyo, amevunja amana. Akisema sivyo, amesema uongo katika mwezi wa toba, mbele ya watu waliofunga.

"Ulilifungua, ukatoa vyangu, ukatia vingine, ukaniletea ukaniambia Mungu amevihifadhi," Chirau akasema. "Astaghfirullahi. Mimi nilidhani ni mkono tu." Wenzake wakaitikia istighfari kwa sauti ndogo, na mazungumzo yakahamia kwenye imamu mpya wa tarawehe.

Baada ya muda mke wa Chirau alipita pazia na sinia tupu, akampa Mwanaima alioshe. "Wamevimaliza," akasema, bila kumtazama usoni.

Mwanaima alichutama penye ndoo ya maji. Msimu mzima, tangu kupanda hadi kupakua, hakuwa ameonja hata kimoja. Alipitisha kidole kwenye tui lililoganda pembeni mwa sinia, akakilamba. Lilikuwa tamu. Kisha akalimwagia maji, akaanza kusugua.