Simu ya Saa Nne Kasoro Kumi

Niamini nikikwambia: katika Goma nzima hakuna uongo unaoweza kupita mbele yangu nisiunuse. Nimemaliza sekondari, nauza vocha za simu chini ya mwavuli, na naweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, kuanzia padri hadi mbuzi wa padri.

Basi bomu lilipolipuka Jumanne kwenye kituo cha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, jirani na mwavuli wangu, watu walikuja kwangu kuuliza maana yake. Lilikuwa limefichwa kwenye mfuko chini ya benchi ambapo wasukumaji hukaa wakingoja mizigo. Liliua wawili. Mmoja wao, Paul, tulimkuta bado ameshika nusu ya ndazi. Siku hiyo sikucheka, ukitaka kujua.

Kesho yake ulimi wangu ulikuwa umerudi. Wengine walisema ni watu wa ng'ambo ya mpaka. Wengine, ni wakubwa wanaokitaka kiwanja chetu. Mmoja aliapa kwamba limeshuka kutoka mbinguni, ingawa shimo lilikuwa chini ya benchi. Nilibonyeza kila nadharia kama mama anayechagua nyanya. Ni Mama Charline tu, anayekaanga ndazi hatua tano kutoka kwangu, aliyesema, "Mutu mubaya aliacha mufuko, akaenda. Basi." Maelezo hayo yalikuwa mafupi mno. Hayakutosha hata kumaliza kikombe cha chai.

Ndipo mtu akamkumbuka Télesphore, msukumaji kutoka Masisi. Dakika kumi kabla ya mlipuko alipokea simu, akaruka juu ya chukudu yake, akaondoka mbio. Nani alimpigia? Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ndugu wasikilizaji, fuateni simu!"

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

Kufikia Ijumaa neno hilo lilikuwa limetembea hadi soko la Kituku na kurudi limenenepa. Sasa Télesphore alikuwa na simu tatu, na shemeji wa siri huko Bunagana, mpakani. Mkewe alifukuzwa bombani ndoo ikiwa tupu. Niliposikia hayo, nilihesabu vocha zangu upya. Nikajiambia yatapoa. Nikajiambia pia kwamba nikifungua mdomo wataniuliza nimejuaje. Mama Charline alinitazama juu ya karai lake. Tangu Jumanne hakuwa amenitania hata mara moja.

Jumamosi vijana walimleta Télesphore, shati limechanika begani. Mmoja alibeba tairi kuukuu, na hakuna aliyemuuliza la nini. Papa Baharanyi, prezida wa chama cha wenye chukudu, akawazuia kwa mikono miwili.

"Nani alikuita?"

"Muzee, simujui. Mutu mumoja, sauti ya muzee mwenye kukohoa. Ati mikungu kumi ya ndizi inaningoja Kituku. Nilifika: hakuna ndizi, hakuna muzee. Nikarudi, nikakuta moshi."

"Muzee mwenye kukohoa!" akadakia mwenye tairi. "Landry, weye mwenye kujua yote, huyu anasema kweli?"

Nyuso zote zikanigeukia. Télesphore naye akanitazama, kwa matumaini, kama mtu anayemtazama rafiki.

"Inawezekana," nikasema. "Ila pia... inawezekana si kweli."

Nilijiona mwerevu kwa muda wa pumzi moja hivi.

"Namba iko?" akauliza Papa Baharanyi. Télesphore akampa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Mzee akatafuta taratibu: Jumanne, saa nne kasoro kumi. Akabonyeza.

Kisha, hatua tano kutoka kwangu, ndani ya kitenge cha Mama Charline, simu ikaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Watu wakarudi nyuma. Yeye hakurudi. Akapangusa mafuta mikononi, akaitoa, akapita katikati yao hadi mwavulini kwangu, akanitia mkononi simu ingali inaimba.

"Jumanne nilikuazima, mutoto wangu, ukisema yako haina chaji. Nikasikia unavyomuchezea Télesphore na sauti ya muzee. Mutu hauwawi kwa muchezo. Nimekungojea siku ine useme mwenyewe." Akakunja mikono. "Sasa pokea. Na kikohozi chake, usikisahau."

Nikabonyeza.

"Alo?" akasema Papa Baharanyi, hatua sita mbele yangu, akinitazama machoni.