Mkono Nyuma ya Kamera

Lori la Fuso lilikuwa limeshatoka Ulyankulu, sisi wanakwaya tumebanana nyuma na maspika, ndipo Raymundi, mwenyekiti wetu, alipomwambia Mwalimu Nibitanga kwamba kwenye video hatasimama mbele.

Nibitanga alikuwa ametuongoza miaka thelathini na mmoja. Nyimbo zote katunga yeye, kwa noti, kwenye madaftari ya shule. Wimbo huu tuliokwenda kuurekodi Tabora ulimkaa kichwani miaka sita. Alitaka kitu kimoja tu: wajukuu wake wauone, wajue ni wa nani.

Bani, lile banda la moto la kukaushia tumbaku, lilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kwa kile kisiki huiita sauti ya kwanza. Kwa kidole gumba hututuliza sisi wa besi. Mkono mwingine wa kutuongoza hatukuujua.

Raymundi alisema mpiga picha ameuona mkono huo kwenye simu, akasema utawachukiza watazamaji. Basi yeye Raymundi atajitolea kuongoza, na suti ameshashonesha. Nikageuza uso, nikatazama njia. Nimezunguka sana, nimekula na watu wa kila namna, lakini mtu wa kujitolea huku suti iko tayari ananitia kichefuchefu. Na njia yenyewe ni ile ya misafara ya zamani, wapagazi walikobeba pembe za ndovu za watu bila wao kuitwa wenye mali.

Sikusema kitu. Hilo nalo liandikwe.

Huko Tabora, mtaa wa Ipuli, kwenye ua tuliokodi, Raymundi akapunga mikono yake laini. Tukaingia ovyo kama mbuzi zizini. Mara tatu. Mpiga picha akaanza kutazama saa.

"Mwalimu," Raymundi akasema, sauti imejaa asali, "simama pale nyuma ya kamera, utusaidie."

Jeska, kiongozi wa sauti ya kwanza, akamkazia macho. "Tukusaidie kuiba, mwenyekiti, au tukushikie na gunia?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyetoka kwenye mstari, hata Jeska mwenyewe.

Nibitanga aliutazama mkono wake. "Nataka niusikie ukiimbwa sawasawa," akasema, "hata mara moja." Akaenda nyuma ya kamera, akainua kile kisiki.

Hatujawahi kuimba vile. Hapo ndipo ninapochukizwa zaidi, maana tuliimba kwa raha.

Video iko mtandaoni. Macho yetu yote yanapita juu ya bega la Raymundi, na watu wameandika kwamba kwaya hii ina maringo. Chini pameandikwa: mtunzi na mwongozaji, Raymundi.

Raymundi anafundisha kwaya mbili Urambo. Jeska ameolewa Itetemia, analima mahindi, haimbi. Wajukuu wa Nibitanga wanaipenda video. Walimuuliza babu siku ile alikuwa wapi. Aliwajibu alikuwa shambani. Hajatunga tena. Mimi niko Ziba, nachunga ng'ombe wa watu.